Nizhny Novgorod, Mfuko wa Urusi

Warusi wa zamani walikuwa na msemo juu ya miji yao mitatu: Petersburg ni kichwa cha Urusi, Moscow ni moyo wake, na Nizhny Novgorod ni mfuko wake. Juu ya kichwa na moyo vitabu vingi vimeandikwa, na wasomaji wetu wamekwisha kuyasikia majina ya miji hiyo miwili. Ule wa tatu haujulikani sana kwetu, nao ndio tutakaousimulia hapa, kwa kuwa mfuko nao una habari zake: fedha zilizomo zilitoka wapi, nani alizitia, na nani aliyeubeba mfuko wenyewe begani mwake.

Mto Volga ni mrefu kuliko mito yote ya Ulaya, yapata kilomita 3,530. Chanzo chake kiko kaskazini-magharibi ya Moscow, nao waenda mashariki, kisha kusini, hata kuingia katika bahari ya Caspian, ambayo imezungukwa na nchi kavu pande zote. Yapata kilomita 400 mashariki ya Moscow, Volga wapokea mto mwingine mkubwa, Oka, utokao kusini. Hapo yakutanapo maji ndipo ulipo mji. Upande mmoja wa Oka ni kilima kirefu chenye magenge. Ng'ambo ni nchi tambarare, tena ya chini sana, hata zamani theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili maji yaliifunika. Juu ya kilima wakakaa wenye amri. Chini pakawa mahali pa soko, na baadaye mahali pa viwanda. Mtu akiushika mgawanyo huu wa juu na chini, habari nyingi za mji huu zitamwelea.

Mji ulijengwa mwaka 1221 na Yuri Vsevolodovich, mtawala wa Vladimir, wala hakuujenga kwa ajili ya biashara bali kwa ajili ya vita. Alitaka boma la kuilinda mipaka yake upande wa mashariki, walikokaa Wabulgari wa Volga na Wamordva. Jina lake maana yake ni "mji mpya wa chini". Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1238, Yuri mwenyewe aliuawa akipigana na Wamongoli kando ya mto Sit. Mji ulichomwa ukajengwa tena mara nyingi, hata mwanzo wa karne ya 16 watawala wa Moscow walipoujengea ngome ya matofali yenye minara 13, na ukuta upatao kilomita mbili unaoshuka kilimani mfano wa ngazi. Ngome hiyo, waiitayo kremlin, ingali ipo. Lakini haikudumu kuwa ngome ya mpakani. Mwaka 1552 Warusi waliutwaa mji wa Kazan, na mwaka 1556 wakautwaa Astrakhan penye mlango wa mto. Tangu hapo Volga yote, toka chanzo hata baharini, ikawa katika mkono mmoja. Boma likawa bandari.

Mwaka 1611 Urusi haikuwa na mfalme, na jeshi la Wapolandi lilikuwa ndani ya Moscow. Kuzma Minin, muuza nyama wa Nizhny Novgorod, alisimama mbele ya watu wa mji akawataka watoe mali ili jeshi likusanywe. Warusi hupenda kusimulia jinsi watu walivyotoa kwa moyo, na ni kweli. Ila yafaa kuongeza kwamba Minin alipewa mamlaka ya kutoza, na aliyefumba mkono alilazimishwa kuufumbua. Jeshi lile, chini ya Dmitry Pozharsky, liliikomboa Moscow mwaka 1612. Sanamu ya watu hao wawili imesimama Moscow, katika Uwanja Mwekundu, tangu mwaka 1818. Sisi twaitaja habari hii kwa sababu moja tu: tayari katika siku zile mji huu ulikuwa na fedha za kulipa askari wa vita kubwa. Nazo zilitoka mtoni.

Sasa tuutazame mto kama mchukuzi autazamavyo. Maji ya Volga hushuka kusini, lakini mali nyingi ilitakiwa kaskazini. Chumvi ya maziwa ya nyikani, samaki wa Astrakhan, ngano ya nchi zenye udongo mweusi, vyote hivi vilikuwa chini ya mto. Walaji, yaani Moscow na Petersburg na miji iliyozizunguka, walikuwa juu. Hata chuma cha milima ya Ural, kilichoshuka kwa urahisi katika mto Kama, kilipofika Volga kilikuwa hakina budi kupanda. Upepo ulisaidia siku ulipopenda. Siku nyingine jahazi lilivutwa na watu.

Watu hao waliitwa burlaki. Walikwenda ukingoni, kila mmoja amejifunga ukanda mpana wa ngozi kifuani, na kanda zote zimefungwa katika kamba moja ndefu itokayo mlingotini. Aliyetangulia, mwenye nguvu na ujuzi kuliko wenziwe, aliitwa shishka. Ndiye aliyeshika mwendo, na wengine wakaweka mguu sawasawa naye. Jahazi kubwa lilitaka makumi ya watu, na safari ya toka Astrakhan hata Nizhny Novgorod ilikula miezi. Mwanzo wa karne ya 19 mamia ya maelfu ya watu walifanya kazi hii katika Volga na mito iingiayo ndani yake. Mchoraji Ilya Repin aliwachora kumi na mmoja wao katika picha aliyoimaliza mwaka 1873, nayo imejulikana dunia nzima.

Lakini picha haionyeshi daftari. Wengi wa burlaki walikuwa wakulima waliofungwa na ardhi ya mabwana wao, wasio na ruhusa ya kuondoka bila hati. Wakati wa baridi, kodi ilipodaiwa na chakula kilipopungua ghalani, wakala wa mwenye jahazi aliwapa sehemu ya ujira mbele. Kodi ikalipwa, na barafu ya mto ilipovunjika, mtu alikuwa amekwisha kuiuza miguu yake kwa kiangazi chote. Twasema haya kwa kuwa wako wanaoandika habari za burlaki kana kwamba walikuwa watu huru wa mtoni, waimbaji, wasio na bwana. Kuimba waliimba, maana bila wimbo miguu haiendi pamoja. Uhuru ni jambo jingine.

Hapa pana habari ambayo wengine huisimulia kama kichekesho, nasi hatuoni kichekesho ndani yake. Mwaka 1735 alizaliwa katika mji huu Ivan Kulibin, mwana wa muuza unga, aliyejifundisha mwenyewe ufundi wa saa. Alitengeneza saa yenye umbo la yai, akampa Malkia Catherine wa Pili mwaka 1769, naye akampeleka Petersburg awe fundi wa chuo cha wataalamu. Huko alikaa zaidi ya miaka thelathini, kisha akarudi kwao. Mwaka 1804 alijaribu mbele ya mji chombo kilichopanda mto kwa nguvu ya mto wenyewe. Nanga ilipelekwa mbele kwa mashua. Kamba yake ikazungushwa katika mhimili wa chombo. Magurudumu yenye makafia, yakisukumwa na maji yaliyokuwa yakishuka, yaliukunja ule mhimili, na chombo kikajivuta juu. Kilifaulu. Tena hakikutumiwa. Wenye majahazi walikuwa na watu tele wa kukodi, na mtu alikuwa rahisi kuliko gurudumu. Kulibin alikufa mwaka 1818, maskini, katika mji ule ule.

Wakati huo bahati kubwa ya mji ilikuwa imekwisha kufika, nayo ilikuja kwa msiba wa wengine. Mwaka 1816 moto uliteketeza soko kuu la kila mwaka lililofanyika penye nyumba ya watawa ya Makaryev, yapata kilomita 90 chini ya mto. Serikali haikulijenga tena pale. Mwaka 1817 ililihamishia Nizhny Novgorod, ng'ambo ya Oka, katika ile nchi tambarare. Kazi ya kulijenga alipewa Augustin de Betancourt, Mhispania mzaliwa wa kisiwa cha Tenerife, mhandisi aliyemtumikia Kaisari Alexander wa Kwanza. Aliinua ardhi, akachimba mfereji kulizunguka soko, akajenga safu za maduka ya mawe, na chini ya ardhi akapitisha mahandaki ya kuchukua uchafu, jambo ambalo miji mingi mikubwa ya Ulaya haikuwa nalo siku zile. Mwaka 1822 soko lilikuwa tayari. Ndani ya mpango wake mlikuwa na kanisa la Warusi, kanisa la Waarmenia, na msikiti.

Kila mwaka tarehe 15 Julai bendera ilipandishwa, na soko likafunguliwa kwa muda wa wiki sita au zaidi. Walikuja Waajemi, Waarmenia, Watatari, watu wa Bukhara na pamba yao, watu wa Siberia na ngozi za manyoya. Chuma cha Ural kililundikwa ukingoni. Chai ya China ilifika baada ya safari ndefu kutoka Kyakhta mpakani, kwa mikokoteni na mashua, nayo ilipewa heshima ya pekee: mara nyingi wenye bidhaa nyingine walingoja bei ya chai ifungwe ndipo nao wafunge zao. Mji ambao wakati wa baridi ulikuwa na watu makumi ya maelfu tu, wakati wa soko ulizidi mara nyingi.

Lakini nguvu ya soko haikuwa katika marobota yaliyoonekana kwa macho. Ilikuwa katika deni. Mfanya biashara wa mbali alichukua nguo za viwanda vya Moscow mwaka huu kwa ahadi ya kulipa sokoni mwaka ujao. Mwenye kiwanda naye alinunua pamba kwa ahadi kama hiyo. Hivyo Nizhny Novgorod ulikuwa mahali ambapo nchi nzima ilifanya hesabu yake mara moja kwa mwaka. Mavuno yakiharibika katika nyika za kusini, wakulima hawakununua nguo. Wachuuzi wakafika sokoni mikono mitupu. Na Moscow mwenye kiwanda akafunga mlango. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno mfuko katika ule msemo. Mfuko haufanyi kazi wala haulimi, lakini ukitoboka kila mtu ahisi.

Mvuke ulifanya kile ambacho chombo cha Kulibin hakikuruhusiwa kufanya. Mwaka 1849 kiwanda cha kuunda meli kilianzishwa penye kijiji cha Sormovo, ukingoni mwa Volga juu kidogo ya mji, na katika muda wa kizazi kimoja meli za moshi ziliwaondoa burlaki mtoni. Mwaka 1861 wakulima wakafunguliwa kutoka katika ardhi ya mabwana wao. Mwaka 1862 reli ya kutoka Moscow ikafika. Nyumba moja ya mji huu yatosha kutuonyesha mageuzi hayo. Aleksei Peshkov, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Maxim Gorky, alizaliwa hapa mwaka 1868. Babu yake mzaa mama alikuwa burlak ujanani mwake, kisha akawa mwenye karakana ya kutia nguo rangi. Mjukuu alipofika umri wa kutafuta riziki alikwenda kuosha vyombo katika meli ya moshi ya Volga.

Reli ililinenepesha soko kwanza, kisha ikaanza kulila. Mwenye duka aliyeweza kuagiza bidhaa kwa simu na kuzipokea kwa gari la moshi hakuwa na haja ya kungoja Julai. Chai nayo ilipata njia ya bahari: mfereji wa Suez, ule ule ulioileta pwani yetu karibu na Ulaya, ulifunguliwa mwaka 1869, na njia ya Kyakhta ikapungukiwa. Hata hivyo mji ulikuwa bado na fahari. Mwaka 1896 yalifanyika hapa maonyesho makubwa ya viwanda na sanaa ya Urusi yote. Tramu za umeme zilipita njiani. Motokaa ya kwanza ya Kirusi, kazi ya Yakovlev na Frese, ilionyeshwa. Na mhandisi Vladimir Shukhov alisimamisha mnara wa maji uliosukwa kwa vyuma vyembamba vilivyonyoka, mfano wa tenga, ambao duniani haukuwapo wa namna yake kabla ya huo.

Huko Sormovo, kilomita chache kutoka kwenye taa hizo, maelfu ya wafanya kazi waliishi maisha mengine. Tarehe 1 Mei 1902 waliandamana na bendera, wakakamatwa, na viongozi wao wakapelekwa Siberia; kutokana na habari hiyo Gorky aliandika kitabu chake kiitwacho Mama. Desemba 1905 walijenga vizuizi barabarani wakapigana na askari kwa silaha, wakashindwa. Mapinduzi ya 1917 yalipotukia, soko lilinyamaza. Lilifufuliwa kwa miaka michache, kisha yapata 1930 likafungwa, maana serikali mpya haikutaka mahali ambapo bei hupangwa na watu binafsi. Mfuko ukashonwa mdomo. Baada ya miaka zaidi ya mia, mji ulikuwa hauna budi kutafuta kazi nyingine.

Kazi hiyo ilitoka Marekani. Tarehe 31 Mei 1929 serikali ya Kisovieti ilifanya mapatano na Henry Ford, adui wa vyama vya wafanya kazi katika viwanda vyake mwenyewe: yeye atoe michoro na ujuzi, wao wanunue motokaa na vipande vyake kwa maelfu mengi. Kampuni ya Austin ya Cleveland ilichora kiwanda na mji wa wafanya kazi kando yake, katika nchi ya chini ng'ambo ya Oka. Ujenzi ulianza Mei 1930. Vijana wa vijijini, wengi wao wakikimbia taabu za mashamba yaliyotwaliwa na kuunganishwa kwa nguvu, walichimba misingi kwa sepeto na mikokoteni, wakalala katika mabanda ya mbao. Januari 1932 malori ya kwanza yalitoka mlangoni. Muda wa miezi ishirini tu!

Twastaajabia kasi hiyo, lakini yafaa kutazama jambo gumu zaidi kuliko kujenga kuta. Mtu ambaye mwaka jana alilima kwa farasi, na aliyeihesabu siku kwa jua, sasa alipaswa kusimama mbele ya mkanda unaokwenda, usiomngoja, na kupima chuma kwa kipimo cha unywele. Mashine zilivunjika kwa kutojua, vipande vilikosekana, mkanda ukasimama. Wamarekani walikuja kufundisha, miongoni mwao ndugu wawili mafundi wa kalibu, Walter na Victor Reuther, waliofanya kazi hapa tangu mwisho wa 1933 hata 1935, ambao baadaye walikuwa viongozi wakubwa wa chama cha wafanya kazi wa motokaa kwao. Wao walirudi salama. Wageni wengine waliobaki hawakupata bahati hiyo: miaka ya 1937 na 1938 wengi walikamatwa pamoja na Warusi wenzao, na baadhi yao hawakuonekana tena. Mji wenyewe ulikuwa umebadilishwa jina mwaka 1932 ukaitwa Gorky, mwandishi akiwa angali hai.

Vita ilipokuja mwaka 1941, Sormovo ilitoa vifaru na manowari za chini ya maji, na kiwanda cha motokaa kikatoa malori, vifaru vyepesi na mizinga ya kujiendesha. Ndege za Kijerumani zilifika Juni 1943, usiku baada ya usiku, zikakivunja kiwanda sehemu kubwa. Wafanya kazi, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliopita kidogo umri wa shule, walikijenga tena katika muda upatao siku mia. Kisha, amani ilipokwisha kurudi, malango yalifungwa kwa namna nyingine: tangu 1959 mgeni kutoka nje ya nchi hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu ya viwanda vya silaha. Soko lililokuwa na msikiti na kanisa la Waarmenia likawa ndani ya mji usioingilika. Ndiyo sababu mwaka 1980 serikali ilimleta hapa Andrei Sakharov, mtaalamu wa elimu ya atomi aliyeitetea haki ya watu, akae chini ya ulinzi mahali ambapo waandishi wa magazeti ya nje hawafiki. Alikaa hata Desemba 1986. Mafundi walikuja ghafula kumfungia simu nyumbani, na kesho yake Mikhail Gorbachev akampigia kumwambia arudi Moscow.

Mto nao haukuachwa kama ulivyokuwa. Mwaka 1955 bwawa la umeme lilianza kazi juu ya mji, na mwaka 1980 jingine penye Cheboksary chini yake, hata maji ya masika hayana tena nguvu yake ya kale. Katika Sormovo mhandisi Rostislav Alexeyev aliunda chombo chenye mabawa chini ya maji, ambacho kikishika mwendo huinuka juu. Mwaka 1957 kilikwenda kutoka Gorky hata Kazan, kilomita 420, kwa saa saba. Msomaji akumbuke miezi ya burlaki.

Mwaka 1990 mji ulirudishiwa jina lake la kale, na malango yakafunguliwa. Aprili 1992 ulitangulia katika Urusi kuuza maduka ya serikali kwa mnada, kana kwamba umekumbuka kazi ya babu zake. Kiwanda cha motokaa, kilichozoea kutengeneza gari la wakubwa liitwalo Volga, kilikosa wanunuzi. Kikaokolewa na gari dogo la mizigo na abiria, GAZelle, lililoanza kutoka mwaka 1994, ambalo wachuuzi na wenye magari ya abiria walilinunua kila mahali kwa kuwa walihitaji kubeba mzigo kwa gharama ndogo. Lile gari la wakubwa likaachwa yapata 2010. Hesabu ya watu ya 2021 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 1.2.

Penye ncha ya nchi yakutanapo maji palikuwa na bandari ya shehena yenye winchi ndefu. Winchi zimeondolewa, na hapo ukajengwa uwanja wa mpira kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2018. Maghala ya bandari yalipobomolewa, ndani yake zilionekana nguzo na mataa ya chuma ya kazi nzuri ajabu: yalikuwa mabaki ya majumba ya maonyesho, yaliyotengenezwa kwa Moscow mwaka 1882, yakaletwa hapa kwa maonyesho ya 1896, kisha yakafichwa ndani ya kuta za ghala na kusahauliwa. Yametiwa vioo, na watu huketi humo kusikiliza muziki. Nje ya vioo Oka waingia Volga, na kwa kitambo maji ya rangi mbili huenda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika.